Kusasisha hifadhidata: kwa mkono ao kupitia apt?

Katika hospitali, koperative na shule nyingi za kwetu, madaftari ya karatasi yameingia ndani ya ordinatere. Majina ya wagonjwa, madeni ya wanachama, pointi za wanafunzi: vyote vinakaa katika programu ya hifadhidata. Moja inayojulikana sana ni PostgreSQL, ambayo ni ya bure. Hata DHIS2, mfumo ambamo wizara ya afya ya Kongo inakusanya ripoti za maeneo ya afya, inatumia PostgreSQL kuweka data.

Kila mwaka kunatoka toleo kubwa jipya, na kila toleo linatengenezwa kwa miaka 5. Toleo la 12, lililotoka 2019, liliachwa mwezi wa 11 mwaka 2024. Mwenye kubaki nalo, tundu za usalama hazizibwi tena. Basi lazima kupanda. Lakini namna gani?

Njia ya kwanza ni kwa mkono. Fundi anapakua programu kwenye intaneti, anaijenga mwenyewe na kuiweka fasi anayotaka. Anapata toleo lile lile analolitaka, hata leo. Shida ni moja: ordinatere haijue kama programu ile iko. Marekebisho yakitoka, hakuna atakayemuletea. Na siku fundi yule atahama, anayebaki hajue kitu kiliwekwa wapi.

Njia ya pili ni kupitia msimamizi wa pakiti. Kwenye Debian na Ubuntu anaitwa apt. Yeye anahakikisha sahihi ya pakiti, anaandika kila faili alipoiweka, na analeta marekebisho pamoja na ya programu zingine. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mara nyingi amri «dpkg --configure -a» inamalizia pale ilipoachia.

Kwa ofisi yenye fundi mmoja ao isiyo na fundi, njia ya pili ndiyo nzuri. Lakini apt hafanye yote.

Kutoka 15.4 kwenda 15.5 ni hatua ndogo: data zinabaki vile zilivyo. Kutoka 13 kwenda 15 ni hatua kubwa: toleo jipya haliwezi kusoma faili za zamani. Ndiyo inafikia watu wanaotoka Debian 11 kwenda Debian 12. apt anaweka toleo la 15 pembeni ya 13, na lile jipya linakuwa tupu. Mtu anafungua, haone kitu, anafikiri data zimepotea. Hapana! Ziko bado ndani ya toleo la 13. Hatari ni kufuta la zamani kwa haraka, sababu hapo zinaweza kwenda kweli. Kwanza zihamishwe kwa amri «pg_upgradecluster», kisha muangalie kama hesabu zinalingana.

Kwa hiyo, mbele ya kugusa kitu, fanyeni nakala kwa «pg_dumpall» na kuiweka kwenye diski ya inje. Kisha muirudishe kwenye ordinatere ingine ili kuona kama inafunguka. Nakala ambayo haijajaribiwa, musiihesabu. Na muliyemupa kazi, mumuombe aandike kwenye karatasi: toleo gani, njia gani, siku gani. Karatasi ile itasaidia yule atakayekuja nyuma yake.