Gari Likataapo Kuvuta kwa Mbele

Kila masika, kati ya Machi na Mei, njia za udongo za hapa Kang'ata huwa utelezi mtupu. Wakati huo mgonjwa wa kupelekwa Handeni hutegemea gari livutalo kwa magurudumu yote manne. Likikataa kuvuta kwa mbele, hasara si ya mwenye gari peke yake. Kwa hiyo nimeona vema niwaeleze wasomaji jinsi kosa lake litafutwavyo.

Katika Land Cruiser nyingi dereva hushuka topeni akafunga habu kwa mkono. Lakini katika Toyota Hilux kadhaa kazi hiyo hufanywa na mota ndogo ya umeme iliyo kwenye difu ya mbele. Dereva abonyezapo swichi, mota husukuma pete yenye meno, nayo huunganisha shafti ya gurudumu na difu. Taa ya dashibodi hupepesa. Kazi ikiisha, huwaka imara. Ikizidi kupepesa, kuna kosa.

Kwanza, pima betri na fyuzi. Fyuzi mpya ikiungua tena, huenda waya umegusa bodi; usitie fyuzi nene zaidi, maana utaunguza gari.

Pili, zima injini, fungua swichi ya moto, mwenzako abonyeze swichi nawe usikilize difu. Mota ikilia na taa ikazidi kupepesa, sogeza gari kidogo, kwani huenda meno hayajakutana. Isipofaa, pima swichi ndogo ya difu ipelekayo habari kwenye taa.

Tatu, mota isipolia, chomoa plagi yake. Unganisha balbu ya volti 12 kwenye nyaya mbili za mota, kisha mwenzako abonyeze tena. Balbu ikiwaka sana, mota imekufa. Isipowaka, rudi nyuma: waya, rilei, swichi na kisanduku cha amri.

Kwa nini balbu, si mita? Waya ulioliwa na kutu waweza kuonyesha volti 12 katika mita, lakini hauwezi kubeba mzigo. Balbu hula umeme, basi udhaifu huonekana mara moja. Lakini katika nyaya nyembamba za kompyuta tumia mita tu, usije ukaiharibu.

Likizo iliyopita nilimshikia tochi fundi mmoja wa hapa kwetu. Mwenye gari alikwisha kuambiwa mjini anunue mota mpya. Balbu ilififia. Fundi alifuata waya akakuta plagi imejaa maji na kutu ya kijani. Akaisugua, akaikausha, akaipaka grisi, gari likavuta. Fedha ya mota ikabaki mfukoni.

Nawashauri wenye magari wajaribu mtambo huu kila mwezi, hata kiangazi, juu ya njia ya udongo wala si lami kavu. Kosa lililogunduliwa Februari hutengenezwa kwa utulivu. Lililogunduliwa topeni usiku, na mgonjwa amelala nyuma, halina muda.