Pedi za matiti: za kutupa au za kufua?
Mfanyabiashara wa Nanganga apige hesabu kabla ya kufunga mzigo

NANGANGA, njia panda ambapo barabara ya kwenda Ruangwa na Nachingwea inaachana na ile ya Masasi, ina nafasi nzuri kwa biashara ya bidhaa za uzazi. Upande mmoja iko hospitali ya misheni ya Ndanda na upande wa pili ile ya Nyangao. Mama anayerudi nyumbani na kichanga hupita hapo akiwa na mahitaji mengi na fedha kidogo.

Moja ya mahitaji hayo ni pedi za matiti, yaani vipande vya duara vinavyowekwa ndani ya sidiria ili maziwa yanayovuja yasilowanishe nguo. Ziko za aina mbili. Za kutupa zina unga unaofyonza maji na nailoni mgongoni, na hutumika mara moja. Za kufua hushonwa kwa tabaka za pamba, flaneli au taulo, na hutumika kwa miezi mingi.

Kwa mwenye duka, swali ni mtaji mdogo uwekwe wapi.

Hesabu ya mama

Maziwa huvuja zaidi katika wiki za mwanzo, kabla mwili haujazoea kiasi anachohitaji mtoto. Tuchukue mama anayetumia pedi 6 kwa siku kwa wiki 8. Huyo atahitaji pedi za kutupa 336. Akiwa na za kufua, 12 zinamtosha: 6 za kuvaa na 6 zilizo kwenye kamba. Kila kipande cha kitambaa, kwa hiyo, kinafanya kazi ya vipande 28 vya kutupa.

Kwa mfano wa hesabu tu, pedi ya kutupa ikiuzwa Sh. 200, mama atatumia Sh. 67,200. Ya kufua ikiuzwa Sh. 1,500, pedi 12 ni Sh. 18,000. Masika nguo zinapochelewa kukauka, aongeze 6, na gharama ifike Sh. 27,000. Sabuni na maji vitapunguza tofauti hiyo, hasa kiangazi pale maji yanaponunuliwa kwa ndoo, lakini havitaimaliza.

Hesabu ya duka

Kwa mtazamo wa haraka, mwenye duka anapenda za kutupa kwa kuwa mteja hurudi. Tuseme faida ni Sh. 40 kwa pedi ya kutupa na Sh. 400 kwa ya kufua. Seti ya pedi 12 za kufua inampa Sh. 4,800 mara moja. Ili apate kiasi hicho kwa za kutupa, auze pedi 120 kwa mama mmoja, yaani paketi tano za pedi 24, matumizi ya siku 20.

Hapo ndipo penye mtego. Mshindani mkubwa wa paketi ya dukani ni kipande cha kanga kuukuu, ambacho mama tayari anacho na hakimgharimu kitu. Mama wa kijijini akinunua paketi ya kwanza na fedha zikaisha, hurudi kwenye kanga yake. Mteja asiyefika paketi ya tano ana faida ndogo kuliko aliyenunua seti moja ya kitambaa.

Msimu wa fedha

Katika eneo hili fedha hufuata mazao. Ufuta huuzwa katikati ya mwaka na korosho kuanzia Oktoba, kwa mfumo wa stakabadhi ghalani ambao kwa korosho ulianza 2007. Malipo huja baada ya mnada, nayo yanaweza kuchelewa. Katika msimu wa 2018/19, Serikali ilipochukua jukumu la kununua korosho zote kwa Sh. 3,300 kwa kilo, baadhi ya wakulima walisubiri fedha zao hadi mwaka uliofuata. Aliyekuwa amekopesha bidhaa kwa ahadi ya korosho alisubiri pamoja nao.

Seti za kufua, basi, ziwe tayari dukani fedha zinapoingia. Miezi ya ukame wa fedha, pedi za kutupa ziuzwe kwa jozi badala ya paketi nzima, zikiwa zimefunikwa vizuri zisishike vumbi.

Soko la uhakika la za kutupa ni walimu, wauguzi na wengine wenye mshahara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama likizo ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na inaweza kuanza wiki 4 kabla ya tarehe ya kujifungua inayotarajiwa. Wengi hurudi kazini wakiwa bado wananyonyesha. Wasafiri nao hawana mahali pa kufulia.

Kodi na fundi

Wanaosubiri nafuu ya kodi wakumbuke taulo za kike. Kodi ya Ongezeko la Thamani iliondolewa 2018 na kurudishwa 2019, Serikali ikieleza kuwa bei kwa mlaji haikushuka.

Nafuu iliyo karibu ni fundi cherehani. Flaneli ya jora moja hutoa pedi nyingi, na ujira hubaki hapa hapa. Lakini mshono uwe laini na pamba iguse ngozi. Mnunuzi naye aelezwe: pedi ya aina yoyote ibadilishwe ikilowa, maana unyevu huchubua chuchu na kukaribisha fangasi, ya kufua ianikwe juani hadi ikauke kabisa. Ya kutupa isitupwe chooni, kwani huvimba na kujaza shimo.

Kwa mwenye mtaji mdogo, sehemu kubwa iende kwenye za kufua, na paketi chache za kutupa zibaki kwa wasafiri na wenye mishahara. Na kwa aina zote mbili, mkopo wa kungoja korosho usizidi kile ambacho duka linaweza kukisubiri.