Nani Bingwa wa Gongo la Kriketi Barani Asia? Vizazi vya Mabingwa Katika Mizani Moja

Ubishi juu ya nani bora, shujaa wa zamani au wa leo, haukuanza jana wala hautakwisha kesho. Wapenzi wa kandanda hubishana juu ya Pelé na waliomfuata. Askari hubishana juu ya majemadari. Na wapenzi wa kriketi wa India, Pakistan na Sri Lanka hukesha wakibishana juu ya wapiga gongo wao.

Leo tumeona vyema kuuweka ubishi huo wa mwisho mbele ya ndugu zetu wa jeshi na polisi, kwa sababu mbili. Kwanza, mchezo huo si mgeni kwetu. Katika Kombe la Dunia la kwanza, mwaka 1975, timu ya Afrika Mashariki, iliyokusanya wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ilipambana na India huko Leeds, Uingereza. Na mwezi Juni 2024 Uganda ilicheza Kombe la Dunia la ova 20 kwa mara ya kwanza, ikaishinda Papua New Guinea. Pili, kuwapima watu wa zama mbalimbali ni jambo linalomhusu askari mwenyewe, kwani naye hupimwa kwa rekodi yake, na mara nyingine mizani hiyo huwa si ya haki.

LINDO LA MPIGA GONGO

Kwa wale wasioujua mchezo huu, tueleze kwa ufupi. Mpiga gongo husimama mbele ya vijiti vitatu viitwavyo wiketi, naye ndiye mlinzi wake. Mrushaji, akiwa umbali wa meta 20 hivi, humrushia mpira mgumu wa ngozi ambao waweza kupita mwendo wa kilometa 140 kwa saa. Mpigaji akiupiga vizuri, yeye na mwenzake hukimbia baina ya ncha mbili na kupata mikimbio. Akikosea mara moja tu, mpira ukavunja wiketi au ukadakwa hewani, ametoka. Hapana msamaha.

Mechi kubwa kuliko zote huitwa testi, na kwa kawaida huchezwa siku tano. Ubora wa mpigaji hupimwa kwa wastani, yaani jumla ya mikimbio yake ikigawanywa kwa idadi ya mara alizotolewa. Mwenye wastani wa 40 ni hodari. Anayepita 50 ni bingwa. Donald Bradman wa Australia alifikia 99.94, na hapana aliyemkaribia. Anayepata mikimbio 100 katika zamu moja husemwa kuwa amepiga senchuri.

WALIOFUNGUA NJIA

India ilicheza testi yake ya kwanza mwezi Juni 1932, katika uwanja wa Lord's, London, ikiongozwa na C.K. Nayudu. Katika kizazi hicho tunawataja wawili, Vijay Merchant na Vijay Hazare.

Merchant alicheza testi 10 tu katika muda wa miaka 18, kwa kuwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilikula miaka yake bora. Hata hivyo, katika mechi zote za daraja la kwanza aliacha wastani wa 71.64, wa pili kwa Bradman peke yake miongoni mwa mabingwa wa kale. Katika testi yake ya mwisho, mjini Delhi mwaka 1951, akiwa mtu wa miaka 40, alipata 154.

Hazare naye alikwenda Australia na kikosi cha India kilichokuwa kichanga. Huko Adelaide, mwezi Januari 1948, mbele ya warushaji wa kutisha Ray Lindwall na Keith Miller, alipiga senchuri katika zamu zote mbili, 116 na 145. India ilishindwa vibaya katika mechi hiyo. Lakini askari ajua kwamba kuna watu wanaoonyesha ushujaa wao siku kikosi kinaporudi nyuma.

Pakistan, iliyozaliwa mwaka 1947, ilimpata Hanif Mohammad. Mwezi Januari 1958, huko Bridgetown katika kisiwa cha Barbados, West Indies walipata 579. Pakistan ikatolewa kwa 106 na kulazimishwa kupiga tena hapo hapo, ikiwa nyuma kwa mikimbio 473. Mechi ilikuwa ya siku sita, na siku zaidi ya tatu zilikuwa bado. Hanif, kijana wa miaka 23, mfupi wa kimo, aliingia lindoni na kukaa dakika 970, yaani saa 16 na dakika 10. Alipotoka alikuwa na mikimbio 337, na mechi ilikuwa imeokolewa. Hapo ndipo tunapoelewa maana ya neno kushikilia ngome.

WALIOSIMAMA BILA KOFIA YA CHUMA

Mwaka 1971 alizuka kijana wa Bombay, Sunil Gavaskar. Katika safari yake ya kwanza, huko West Indies, alipata mikimbio 774 katika testi nne, na India ikashinda mfululizo huo kwa mara ya kwanza. Kazi yake ilikuwa kufungua zamu, yaani kuwapokea warushaji wakiwa na nguvu mpya na mpira mpya. Katika miaka ile West Indies walijenga safu ya warushaji wa kasi ambayo ilivunja mbavu na vidole vya watu duniani kote. Gavaskar aliwapiga senchuri 13. Hakuvaa helmeti kamili kama wenzake. Mwishoni tu ndipo alipovaa kigamba chepesi cha kukinga fuvu. Mwezi Machi 1987, huko Ahmedabad, akawa mtu wa kwanza duniani kufikisha mikimbio 10,000 ya testi. Aliacha mchezo akiwa na 10,122, senchuri 34 na wastani wa 51.12.

Huyu ndiye aliyepambana na ndugu zetu wa Afrika Mashariki mwaka 1975. Timu yetu, ambayo miongoni mwao alikuwamo Samuel Walusimbi wa Uganda, ilitolewa kwa 120. Gavaskar akapata 65, Farokh Engineer 54, na hakuna aliyetolewa. Siku nne kabla ya hapo Gavaskar huyo huyo alikuwa amelaumiwa na dunia nzima, kwani dhidi ya Uingereza alikaa ova zote 60 akapata 36 tu, huku timu yake ikitakiwa kupata 335. Tunayataja haya kwa sababu mizani ya kweli haifichi upande mmoja.

Upande wa Pakistan alikuwapo Javed Miandad, mtoto wa Karachi, mwenye maneno makali na moyo usiotetemeka. Katika testi 124 alipata mikimbio 8,832 kwa wastani wa 52.57, na tangu testi yake ya kwanza hadi ya mwisho wastani huo haukushuka chini ya 50. Lakini watu wa Ghuba humkumbuka kwa siku moja, tarehe 18 Aprili 1986, mjini Sharjah. Mpira ulibaki mmoja, Pakistan ikihitaji mikimbio minne kuishinda India. Miandad aliupiga ukaruka nje ya mpaka, sita kamili. Risasi moja, shabaha moja.

WENYE UTUMISHI MREFU

Sachin Tendulkar aliingia testi mwezi Novemba 1989 mjini Karachi, umri wake miaka 16. Mwezi uliofuata, huko Sialkot, mpira wa Waqar Younis ulimpiga puani, damu ikatiririka. Mtoto yule alikataa kutoka, akaendelea hadi 57. Alitumikia miaka 24, testi 200, mikimbio 15,921, senchuri 51, wastani wa 53.78. Alipojumlisha na mechi za siku moja alifikisha senchuri 100 za kimataifa, mwezi Machi 2012.

Katika hizo mia moja, moja inatugusa sisi wa Afrika Mashariki. Mwezi Mei 1999, katikati ya Kombe la Dunia huko Uingereza, alipata habari kwamba baba yake amefariki. Akarudi India kumzika, kisha akarejea kikosini. Mechi yake ya kwanza baada ya msiba ilikuwa dhidi ya Kenya, mjini Bristol. Alipata 140 bila kutolewa, na alipofikisha mia moja aliinua macho mbinguni.

Pamoja naye alikuwapo Rahul Dravid, aliyeitwa Ukuta, ambaye katika testi alikabili mipira 31,258. Mwezi Machi 2001, mjini Kolkata, India ikiwa imelazimishwa kupiga tena, Dravid na V.V.S. Laxman walipiga siku nzima bila hata mmoja kutolewa. Laxman alimaliza na 281, Dravid 180, na India ikaishinda Australia iliyokuwa imeshinda testi 16 mfululizo.

Sri Lanka, iliyocheza testi yake ya kwanza mwaka 1982 tu, ilitwaa Kombe la Dunia mwaka 1996 kwa gongo la Aravinda de Silva, aliyepata 107 katika fainali mjini Lahore. Kisha ikamtoa Kumar Sangakkara: mikimbio 12,400, wastani wa 57.40, mkubwa katika testi kuliko wa Waasia wote tuliowataja hapa. Mwaka 2006, mjini Colombo, yeye na Mahela Jayawardene walijenga pamoja mikimbio 624 dhidi ya Afrika Kusini.

Na wanajeshi hawatamsahau Misbah-ul-Haq wa Pakistan. Mwaka 2016 timu yake ilipelekwa Abbottabad kwa wakufunzi wa jeshi. Mwezi Julai, akiwa na miaka 42, alipiga senchuri katika uwanja wa Lord's. Akapiga saluti, akalala chini na kufanya presha kumi mbele ya umati, kama alivyowaahidi wakufunzi wake.

Wa mwisho ni Virat Kohli, aliyestaafu testi mwezi Mei 2025 akiwa na 9,230 na wastani wa 46.85. Nguvu yake kubwa ni mechi za siku moja: mwezi Novemba 2023, mjini Mumbai, alipiga senchuri ya 50, akampita Tendulkar huku mwenyewe akitazama.

MIZANI YA HAKI

Sasa tuje kwenye hukumu. Anayetazama jumla peke yake atamchagua Tendulkar bila kufikiri. Lakini Merchant alipewa testi 10, Tendulkar 200. Haba na haba hujaza kibaba, na asiyepewa haba hawezi kulaumiwa kwa kibaba kitupu. Tena zamani njia ya mpira mara nyingi iliachwa wazi kwa mvua, ikawa kama shamba. Siku hizi hufunikwa kama bohari ya baruti.

Wala tusiwadharau wa leo. Wao huchezea mechi za siku tano, za siku moja na za saa tatu, wakiruka nchi hadi nchi, na kila udhaifu wao hupigwa picha na kuchunguzwa na adui. Makosa ya waamuzi yaliyowaokoa wa zamani hayawaokoi wao: Tendulkar ndiye mchezaji wa kwanza duniani kutolewa kwa uamuzi wa mwamuzi wa runinga, huko Durban mwaka 1992.

Kwa hiyo sisi tunauliza swali jingine: nani alisimama mbele ya adui mkali zaidi, kwa kinga ndogo zaidi, kwa muda mrefu zaidi? Kwa kipimo hicho tunamtaja Gavaskar. Mwezi Desemba 1983, mjini Madras, Malcolm Marshall aliwatoa Wahindi wawili kabla ya mkimbio hata mmoja kupatikana. Gavaskar akaingia, akapata 236 bila kutolewa, ikawa senchuri yake ya 30, akaivuka rekodi ya Bradman ya senchuri 29.

Hata hivyo kikosi hakijengwi na mtu mmoja. Ngome ikizingirwa, tungemwita Hanif. Ikibaki risasi moja, Miandad. Pakihitajika utumishi wa miaka mingi, Tendulkar. Na pakihitajika uhakika wa kila siku, Sangakkara.

Na somo kwetu tulio katika utumishi ni hili. Koplo aliyelinda daraja usiku mmoja wa masika, na silaha chakavu, na chakula hakikufika, huenda faili lake likawa na mstari mmoja tu. Mwenye bahati ya vifaa vipya na safari nyingi huenda akawa na kurasa kumi. Wote ni askari wetu. Lakini ofisa mwenye haki, kabla hajatoa sifa au cheo, huuliza kwanza: ulisimama mbele ya nani, na mkononi ulikuwa na nini?