Na Mwenye Kuuguza, Je?

Leo tuzungumze habari za mtu ambaye hatumwoni sana twendapo kuwatazama wagonjwa.

Mzee amepooza huko Kiminini, au mama mkongwe karibu na Webuye amepotewa na kumbukumbu hata hawatambui wanawe. Wana wako Nairobi. Wanatuma fedha kwa M-Pesa, nao hufanya vema. Lakini anayemgeuza mgonjwa usiku asipate vidonda, na kufua mashuka kabla ya kwenda kuvuna mahindi, mara nyingi ni mkaza mwana mmoja. Miezi inapita. Siku moja anamkaripia mgonjwa, kisha analia jikoni, akidhani upendo wake umekwisha na Mungu amemkasirikia.

Haukwisha. Amechoka. Eliya naye, baada ya ushindi wa Karmeli, aliketi chini ya mti akaomba afe. Someni 1 Wafalme 19. Malaika hakumhubiria, alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena.

Mwaka 1980, huko Marekani, Steven Zarit na wenzake walitoa habari za watu 29 waliokuwa wakiwatunza jamaa zao wazee waliopungukiwa na akili. Ungedhani mgonjwa akizidi usumbufu, mzigo nao huzidi. Hawakuona hivyo. Waliona kwamba mzigo ulipungua pale ambapo jamaa wengine walifika mara nyingi kumtazama mgonjwa.

Basi twende, ila tuangalie namna ya kwenda. Sisi watu wa kanisa hufika kumi na wawili, tukaimba, tukaomba, tukanywa chai. Chai hiyo aliipika nani? Afadhali waende wawili: mmoja aketi na mgonjwa, mwingine achote maji, na yule dada alale mpaka jioni, au aende sokoni Kitale hata kama hana la kununua. Na mashemeji na mawifi wa Nairobi, pamoja na fedha zao, waje kwa zamu, walale hapo, waamshwe usiku.

Tena mwulizeni hali yake yeye, mgonjwa akiwa hasikii. Akisema hapati usingizi hata mgonjwa anapolala, au kwamba ni heri afe, msimkemee. Msindikizeni siku hiyo hiyo kwa daktari, katika hospitali ya kaunti, Kitale au Bungoma, na mmoja wenu abaki nyumbani na mgonjwa.