OCD si kupanga viatu: Waya kwenye ubongo na homoni ya stresi

Siku hizi kila mtu mtaani ana OCD. Ukipanga viatu kwa rangi, eti OCD. Ukikataa mtu aguse simu yako na mikono ya chipsi, OCD. Manze, hiyo ni kupenda usafi tu, na haina ubaya.

OCD yenyewe ni mambo mengine kabisa. Ni wazo linaloingia kichwani bila hodi na kukataa kutoka. Mkono umechafuka. Mlango haujafungwa. Nitamuumiza mtoto. Mwenyewe mara nyingi anajua ni upuzi, lakini hofu haisikii, kwa hivyo ananawa tena, anarudi kukagua kufuli tena, mara ya ishirini, mpaka ngozi inachubuka na kazi inampotea.

Wengi husaidika na tiba ya kukutanishwa polepole na kile wanachoogopa bila kuruhusiwa kunawa, pamoja na dawa zile zile za sonona, mara nyingi kwa dozi kubwa. Lakini kuna wachache waliojaribu zote, miaka na miaka, na wapi! Hao ndio ambao kikosi cha daktari wa akili Damiaan Denys, huko Amsterdam, Uholanzi, kiliamua kuwawekea waya kwenye ubongo. Wabelgiji wa Leuven walikuwa wametangulia, mwaka 1999.

Ndiyo, waya. Fuvu linatobolewa, elektrodi mbili nyembamba zinapitishwa, moja kila upande, hadi sehemu ndogo ya ndani inayohusika na hamu na raha. Kutoka hapo nyaya zinapita chini ya ngozi hadi kwa betri kifuani, na betri inatuma umeme kidogo kidogo mchana na usiku. Matokeo yao ya 2010: kati ya wagonjwa 16, tisa walipata nafuu kubwa. Si wote, lakini kumbuka hawa ni watu ambao kila tiba nyingine ilikuwa imewakataa.

Sasa kuna hii ya homoni, na ndiyo iliyonishika. Mwaka 2013 watafiti wa huko huko waliripoti kuhusu kotisoli, homoni ambayo mwili humwaga ukiwa na stresi, kama wakati landilodi anabisha na huna kitu. Wagonjwa 16 walikusanya mkojo wao wa saa 24 mashine ikiwa inafanya kazi, kisha tena baada ya kuzimwa kwa wiki moja. Ilipozimwa, dalili zilirudi, wasiwasi ukapanda, na kotisoli kwenye mkojo ikaongezeka kwa asilimia 53. Homoni nyingine walizopima, kama adrenalini, hazikutikisika.

Wale wa kusema “hiyo ni ya kichwa tu, jikaze” wasome hapo mara mbili. Mkojo haujui kuigiza.

Swali gumu ni hili: kotisoli ikishuka ndiyo hofu inapoa, au hofu ikipoa ndiyo kotisoli inashuka? Watu 16 hawatoshi kulijibu. Na upasuaji wenyewe si mchezo. Ubongo unaweza kuvuja damu au kupata maambukizi, na wengine huchangamka kupita kiasi kwa muda au kusahau maneno.

Halafu kuna mzee mmoja Mholanzi aliyeandikwa kwenye jarida la kisayansi mwaka 2014. Alikuwa ameishi na OCD zaidi ya miaka 40, na muziki kwake ulikuwa kitu cha kawaida tu. Baada ya kuwekewa mashine akampenda Johnny Cash, yule mwimbaji wa kantri wa Marekani, mpaka akawa hasikilizi mtu mwingine. Betri ikiisha, Johnny Cash anakwisha naye, na mzee anarudia nyimbo zake za zamani.