Damu isiyopanda licha ya vidonge

Mgonjwa amevuka miaka 65. Anachoka akipanda ngazi chache tu, na viganja vimepauka. Zahanati inampima malaria, haipo. Anapewa vidonge vya kuongeza damu, anarudi baada ya miezi miwili, damu iko pale pale. Anaandikiwa vidonge vilevile tena.

Safari hiyo wengi katika nchi zetu wanaijua, na mara nyingi chanzo huwa kweli ni lishe, minyoo au malaria. Lakini kwa wachache kasoro iko kiwandani: kwenye uboho, ile nyama laini ya ndani ya mifupa inayotengeneza damu.

Ugonjwa huo huitwa mayelodisplasia, na madaktari huuhesabu miongoni mwa saratani. Seli mama za uboho hupata hitilafu katika vinasaba, kisha huzalisha chembe mbovu ambazo nyingi hufa kabla ya kuingia kwenye mishipa. Chembe nyekundu zikipungua, mtu huchoka. Nyeupe zikipungua, maambukizi humwandama. Chembe sahani zikipungua, fizi hutoka damu. Takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu huishia kupata saratani kali ya damu.

Wengi huupata uzeeni, ingawa tibakemikali ya saratani nyingine pia huweza kuuleta. Mtangazaji wa Marekani Robin Roberts aligunduliwa nao mwaka 2012, miaka mitano baada ya kuugua saratani ya matiti. Dada yake alimtolea uboho.

Vile vidonge ndivyo vinavyostahili kutazamwa upya. Mgonjwa huyu kwa kawaida hana upungufu wa madini ya chuma. Tena kila chupa ya damu anayoongezewa humwingizia miligramu 200 hadi 250 za madini hayo, na mwili hauna njia ya kuyatoa. Hurundikana kwenye ini na moyo. Kumpa vidonge zaidi ni kumtwisha aliyelemewa.

Jibu hupatikana kwa kuchoma sindano kwenye mfupa wa nyonga, chini ya ganzi, na kuchunguza uboho kwa hadubini na kromosomu zake. Kabla ya hapo daktari huondoa shaka ya VVU, pombe na upungufu wa vitamini B12. Kromosomu ndizo huelekeza tiba: mwenye kasoro katika kromosomu ya 5 huweza kunufaika na lenalidomide, na aliye katika hatari kubwa hupewa azacitidine. Bei zake ni mzigo kwa familia nyingi.

Kinachoweza kuponya kabisa ni kupandikiziwa uboho wa mtu mwingine, tiba nzito ambayo wazee wengi hawaimudu. Kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi ya asilimia 25 ya kulingana na mgonjwa. Hapo familia zetu kubwa zina faida.

Jumuiya imeiteua Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoko Kampala, kuwa kituo chake cha umahiri wa saratani. Anayevuka mpaka kwenda kutibiwa huko au kwingineko abebe majibu yake yote ya zamani ya vipimo vya damu, hata ya miaka mitatu nyuma. Mteremko wa namba hizo humwambia daktari mengi kabla ya sindano.