Ziara za kimasomo Bagamoyo

Ziara za kimasomo Bagamoyo ni safari ambazo shule za msingi na sekondari za Tanzania hufanya katika mji wa kale wa Bagamoyo, mkoa wa Pwani, hasa kwa ajili ya somo la historia. Mji huo uko km 70 hivi kaskazini kwa Dar es Salaam, hivyo basi la shule linaweza kuondoka alfajiri na kurudi jioni bila gharama ya malazi. Kwa shule za Dar es Salaam jambo hilo lina uzito mkubwa. Magofu ya Kilwa Kisiwani yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, lakini safari ya Kilwa ni ndefu na huhitaji pia kuvuka maji.

Mahali pake katika masomo

Katika historia ya kidato cha kwanza, wanafunzi huanza kwa kujifunza vyanzo vya historia: masimulizi ya mdomo, maandishi, akiolojia, makumbusho na maeneo ya kihistoria. Bagamoyo vyanzo hivyo vyote hupatikana ndani ya kilomita chache. Ugumu, na pia faida, ni kwamba havisemi jambo moja. Mwanafunzi anaweza kusikia habari moja kwa mwongoza wageni, akasoma nyingine kwenye kibao cha makumbusho, kisha akakuta ya tatu katika kitabu cha shule.

Maeneo yanayotembelewa

Ziara nyingi huanzia au kuishia Kaole, km 5 hivi kusini kwa mji. Hapo kuna magofu ya misikiti na makaburi ya mji wa Waswahili uliostawi kuanzia karne ya 13, muda mrefu kabla ya Bagamoyo yenyewe kukua. Baadhi ya makaburi yana nguzo ndefu za mawe ya matumbawe. Nguzo za namna hiyo zilipambwa kwa mabakuli ya kauri kutoka China, na mabakuli hayo huwasaidia wataalamu kukadiria umri wa makaburi. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba hapo mwaka 1958. Wanafunzi huonyeshwa pia kisima, kaburi la Sharifa ambapo watu bado huja kuomba dua, na mbuyu mkubwa unaosemekana kumwongezea umri anayeuzunguka. Njiani kuna shamba la mamba, ambalo wanafunzi wengi hulikumbuka kuliko msikiti.

Mjini kwenyewe huonwa Ngome Kongwe, jengo lililoanza kama nyumba ya mfanyabiashara Mwarabu mnamo 1860, likatumiwa baadaye na askari wa Sultani wa Zanzibar, halafu na Wajerumani, na mwishowe likawa gereza. Kuna pia Boma la Wajerumani la mwaka 1897, jengo la misafara linaloitwa Karavanserai, makaburi ya Wajerumani waliokufa wakati wa vita vya Abushiri (1888-1889), na mahali palipotumika kunyongea watu. Bagamoyo ilikuwa makao ya utawala wa Kijerumani hadi yalipohamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891.

Jina la mji na habari ya watumwa

Karibu kila kundi la wanafunzi huelezwa kwamba jina Bagamoyo linatokana na maneno "bwaga moyo". Maana yake husimuliwa kwa namna mbili. Kwa masimulizi ya kwanza, ni kauli ya mtumwa aliyefika pwani: aache moyo wake hapa, kwa kuwa mbele yake kuna jahazi na hatarudi tena kwao. Kwa masimulizi ya pili, ni kauli ya mpagazi aliyetembea miezi kadhaa kutoka bara: sasa atue mzigo na moyo upumzike, kwa kuwa amefika.

Masimulizi ya kwanza yanagusa zaidi, na ndiyo yanayotawala ziara nyingi. Mwongoza wageni huonyesha vyumba vya Ngome Kongwe na kusimulia jinsi watumwa walivyofungiwa humo, kisha wakapitishwa chini ya ardhi hadi ufukweni. Watafiti kadhaa wanaona kwamba picha hiyo imekuzwa. Jan Lindström, katika kitabu chake cha mwaka 2019 kuhusu kumbukumbu za Bagamoyo, anaeleza kwamba habari ya utumwa imeifunika historia ya biashara ya misafara, ambayo ndiyo iliyoujenga mji. Bandari kuu ya kusafirishia watumwa katika pwani hiyo ilikuwa Kilwa. Bagamoyo ilijulikana zaidi kwa pembe za ndovu.

Tarehe pia zinasaidia kupima jambo hili. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alikubali mkataba uliopiga marufuku kusafirisha watumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Misafara ya Bagamoyo, hata hivyo, iliendelea kustawi katika miaka ya 1870 na 1880. Waliobeba mizigo hiyo wengi walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma waliofanya kazi kwa ujira. Mpagazi mmoja alichukua frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kg 30. Kwenda pwani alibeba pembe. Kurudi bara alibeba vitambaa vya merikani, ushanga na waya za shaba. Njia ya Bagamoyo hadi Ujiji ilikuwa na urefu wa km 1,200 hivi.

Hayo hayamaanishi kwamba utumwa haukuwepo Bagamoyo. Watumwa walipita hapo, wengine walilima mashamba ya pwani, na misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868 iliwakomboa watu na kuwapa makazi. Tatizo ni pale mwanafunzi anaporudi nyumbani akiamini kwamba kila Mwafrika aliyetembea njia ile alikuwa amefungwa minyororo. Hapo mababu wa wanafunzi wengi wa Tabora na Shinyanga, waliokuwa wafanyakazi wenye ujuzi, ujira na hata mbinu za kugoma, hutoweka katika historia yao wenyewe. Jina lililowekwa mwaka 2006 katika orodha ya awali ya UNESCO, Njia Kuu ya Biashara ya Watumwa na Pembe za Ndovu, nalo limetanguliza watumwa.

Mnara wa Livingstone

Katika eneo la misheni kuna mnara wa kanisa la kwanza, ambapo mwili wa David Livingstone ulilazwa usiku mmoja, tarehe 24 Februari 1874. Alikuwa amefariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchini Zambia ya leo. Waliomleta ni Chuma, Susi na wenzao, wanaume kwa wanawake, waliotembea na maiti iliyokaushwa kwa miezi kadhaa. Jacob Wainwright, aliyejua kuandika, aliandamana na mwili hadi Uingereza, ambako ulizikwa Westminster Abbey mwezi Aprili. Mnara unaitwa kwa jina la aliyebebwa, na mwalimu akitaka wanafunzi wawakumbuke pia waliombeba hana budi kuwatajia majina hayo mwenyewe.

Maandalizi na gharama

Mwanafunzi asiyeandaliwa hurudi na picha tu. Walimu wenye uzoefu hugawa daftari katika safu tatu: nilichoona, nilichosimuliwa, nilichosoma. "Nguzo ya kaburi yenye tundu la bakuli" huingia safu ya kwanza. Njia ya chini ya ardhi huingia ya pili, na hubaki huko mpaka ushahidi upatikane. Swali moja linalofaa kumuuliza mwongoza wageni ni: habari hii imetoka wapi? Wengi wao hujibu kwa uaminifu kwamba waliisikia kwa wazee au kwa wenzao waliowatangulia kazini.

Vigae na vipande vya kauri vinavyoonekana chini havitakiwi kuokotwa. Vinalindwa na sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964, na kipande kilichoondolewa mahali pake hupoteza sehemu kubwa ya habari zake.

Nauli, viingilio na chakula kwa kawaida huchangiwa na wazazi. Ndiyo maana katika shule nyingi za serikali si darasa zima linalosafiri, na wanaobaki hujibu mtihani uleule kwa kutegemea yale watakayosimuliwa na wenzao waliokwenda.